Dinosau wa Tendaguru hawakuwa aina moja
La, aliyesema dinosau wa Tendaguru, kilima cha mkoa wa Lindi kusini mwa Tanzania, ni yule shingo ndefu peke yake amekosea. Huyo ni Giraffatitan, amesimamishwa makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, basi kawafunika wenzake kwa umaarufu. Wajerumani walichimba huko Lindi 1909 hadi 1913 wakatoa dinosau wala majani chungu nzima: Dicraeosaurus, naye wa jamii ya shingo ndefu ila yake fupi, yaelekea akila ya chini huku mwenzake akifikia ya juu, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, na Dysalotosaurus, kadogo, kakienda kwa miguu miwili. Wamweracaudia, shingo ndefu mwingine, alipewa jina 2019 tu, kutokana na kabila la Wamwera wa huko huko (hilo lilinifurahisha). Mimi hupeleka wageni Marafa, kwenye korongo la mchanga karibu na Malindi, Kenya, na swali la dinosau haliishi, ndipo nikasoma. Ila msije na majembe huku Malindi kwetu: mchanga wa Marafa ni wa miaka milioni chache, dinosau wa Lindi ni kama milioni 150.