Mtaa wa miti, kodi ya euro 2,650: kabla hujasaini Den Haag

Swali

Habari za kazi, mshauri. Naishi Arusha na nimepata ajira ya miaka miwili kwenye taasisi ya kimataifa Den Haag, Uholanzi. Tunahama mimi, mume wangu na watoto wawili. Dalali ametupatia nyumba ya ghorofa ya chini Benoordenhout, mtaa wenye miti mingi, jirani na msitu wa Haagse Bos. Kodi ni euro 2,650 kwa mwezi, nyumba tupu, bila umeme wala maji. Wanataka dhamana ya miezi mitatu, na dalali anadai ada ya mwezi mmoja ingawa tangazo lilikuwa lake. Mkataba unasema mwenye nyumba yuko kazini nje ya nchi na akirudi baada ya miezi 24 tutatoka. Nilipouliza habari ya pointi za nyumba, akanijibu kwamba hizo ni za nyumba za bei nafuu, mitaa ya watu wenye uwezo haihusiki. Ni kweli? Nimeambatanisha ramani ya nyumba na kurasa za mkataba. Na nyingine ndogo: bustanini kuna mti mkubwa unaoziba jua. Naweza kuukata?

*Mama wa wawili, Arusha*

Jibu

Dada, hongera kwa kazi. Dalali wako amekujibu kwa kujiamini, lakini amekosea, na kosa lenyewe lina bei yake. Sheria ya Uholanzi haiangalii mtaa ni wa nani. Inaangalia nyumba ina pointi ngapi, yaani alama inazopata kwa ukubwa wake, vifaa vyake na thamani yake.

Tangu tarehe 1 Julai 2024 sheria ya kodi nafuu, Wet betaalbare huur, imefanya hesabu ya pointi kuwa ya lazima hata kwa nyumba za daraja la kati. Mpaka pointi 143 nyumba iko daraja la chini. Kuanzia 144 hadi 186 iko daraja la kati, na kodi yake ya juu imepangwa na serikali. Ni kuanzia pointi 187 tu ndipo mwenye nyumba anapanga bei atakavyo. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo haiitoi nyumba daraja moja kuipeleka jingine. Tena tangu 1 Januari 2025 kila mkataba mpya unapaswa kuambatana na karatasi ya hesabu ya pointi. Kwenye hizo kurasa ulizonitumia siioni.

Basi tuihesabu nyumba yako kwa ramani uliyonitumia. Sebule, vyumba vitatu vya kulala, jiko na bafu jumla ni mita za mraba 80: kila mita ni pointi moja, kwa hiyo 80. Stoo ya mita 8 huhesabiwa kwa 0.75 kila mita, hiyo ni 6. Bustani ya mita 30 inaleta pointi 2 kwa kuwepo kwake na 0.35 kwa kila mita, jumla 12.5. Vyumba sita vyenye radieta, pointi 2 kila kimoja: 12. Meza ya jiko inayozidi mita mbili: 7. Choo cha peke yake 3, bafu la manyunyu 4, sinki la kunawia 1. Mpaka hapo tuna 125.5. Nyumba ilijengwa 1930 na cheti chake cha nishati ni E, na daraja hilo halikuongezei kitu, linakata. Tunabaki na karibu 121.

Ona jambo hili: miti yote ile ya barabarani, msitu, hifadhi ya Clingendael na maduka ya Van Hoytemastraat havijaingia popote kwenye hesabu. Vinaingia kwa mlango mmoja tu, nao ni WOZ, yaani thamani ya nyumba inayopangwa na manispaa kila mwaka. Benoordenhout thamani hiyo iko juu, na hapo ndipo wenye nyumba wanapopatia matumaini ya kuvuka 187. Tuseme WOZ ya nyumba hii inazaa pointi 80. Jumla 201, dalali anashangilia.

Lakini kuna kikomo. Nyumba ikifika 187 kwa msaada wa WOZ, sehemu ya WOZ hairuhusiwi kuzidi asilimia 33 ya pointi zote. Kwa 121 zetu, WOZ inabanwa hadi karibu 60, na jumla inashuka mpaka 181. Nyumba iliyoshushwa namna hii chini ya 187 huandikiwa 186. Kwa jedwali la 2025, pointi 186 zilikuwa kodi ya juu kabisa ya euro 1,184.82 kwa mwezi. Kama nyumba iko ndani ya eneo la mji ambalo mandhari yake ya kihistoria inalindwa, na imejengwa kabla ya 1965, mwenye nyumba anaruhusiwa kuongeza asilimia 5, inafika kama 1,244. Wewe umeambiwa 2,650.

Sisemi hesabu yangu ndiyo ya mwisho. Ramani za madalali huwa na mita za kupendezesha, na bafu likiwa na beseni la kuogea pamoja na manyunyu ya peke yake linapata pointi 7 badala ya 4. Lakini tofauti iliyopo hapa haiwezi kuzibwa na beseni. WOZ ya nyumba yoyote unaiona bure mtandaoni kwenye WOZ-waardeloket, hata ukiwa Arusha, na Huurcommissie, tume inayoamua migogoro ya kodi za nyumba, wana kikokotoo chao. Kaa na mumeo jioni moja mrudie hesabu hii wenyewe.

Sasa ufanye nini nayo? Wapo wapangaji wanaosaini kimya kimya kisha ndani ya miezi 6 ya kwanza wanapeleka kodi yao Huurcommissie ipimwe. Sheria inawaruhusu. Ada ya mpangaji ni euro 25, anarudishiwa akishinda, na uamuzi unawafunga wote wawili isipokuwa mmoja wao aende kwa hakimu ndani ya wiki 8. Mwenye nyumba hawezi kukutoa kwa sababu umefanya hivyo. Njia ya pili ni kumwandikia dalali leo kuomba karatasi ya pointi. Mimi nakushauri hii ya pili, kwa sababu unakuja na watoto na ni bora ugomvi umalizike kabla ya kufungua masanduku. Ila nikuambie ukweli: ukiomba, huenda nyumba ikapewa mwingine asiyeuliza, au mwenyewe akaamua kuiuza. Tangu 2024 wengi wameuza. Kama mmeipenda nyumba kiasi cha kutovumilia kuikosa, basi njia ya kwanza ipo na si ya aibu. Jambo moja la kuuliza mapema: manispaa inaweza kudai kibali cha makazi kwa nyumba za daraja hili, na kibali hicho kinaangalia kipato.

Dhamana ya miezi mitatu hairuhusiwi. Tangu 1 Julai 2023 kikomo ni miezi miwili ya kodi tupu, ile isiyo na gharama za huduma. Mkataba ukiisha inarudi ndani ya siku 14, au 30 kama kuna makato, na makato hayo lazima yaorodheshwe moja moja.

Ada ya dalali nayo usilipe. Najua nyumbani tumezoea: mwezi mmoja wa dalali, kodi ya miezi sita mbele, na mtu anaona ni kawaida ya dunia. Huku dalali aliyetangaza nyumba anamtumikia mwenye nyumba, na anayemlipa ni huyo huyo. Mahakama Kuu ya Uholanzi ililimaliza suala hili tarehe 16 Oktoba 2015. Akibadilisha jina la ada, akaiita gharama za mkataba au za usajili, haibadiliki kitu. Ada halali ni ya dalali uliyemtuma wewe akutafutie, asiye na upande wowote na mwenye nyumba. Dalali wako si wa aina hiyo.

Kifungu cha miezi 24 ndicho ningetaka ukisome mara mbili. Mikataba ya muda maalumu imefutwa kwa watu wengi tangu 1 Julai 2024, na sasa kawaida ni mkataba usio na mwisho. Lakini mwenye nyumba aliyekuwa akiishi humo mwenyewe, akaenda nje na ananuia kurudi kuishi, bado anaruhusiwa kuandika kwamba akirudi mpangaji atapisha. Kifungu chako ni cha aina hiyo, na kama maelezo yake ni ya kweli kitasimama mbele ya hakimu. Hata hivyo siku ya 730 ikifika mkataba haufi wenyewe. Anapaswa kukupa notisi ya maandishi, si chini ya miezi mitatu. Na kama hajawahi kuishi humo wala hana nia ya kurudi, kifungu hakina nguvu hiyo. Rekodi za umiliki zinanunuliwa Kadaster, ofisi ya usajili wa ardhi na nyumba, kwa euro chache, ujue mwenye nyumba ni mtu au ni kampuni. Kampuni hairudi nyumbani kutoka kazini nje.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba kifungu kinamlinda yeye peke yake. Nyinyi mmefungwa miezi 24 kamili. Taasisi za kimataifa zinaongeza mikataba na zinaikatisha pia. Den Haag hilo si geni. Ajira ikiisha mwezi wa 14 mtadaiwa kodi ya miezi 10 ya nyumba msiyoishi. Dai kiongezwe kifungu chenu: mkihamishwa kituo au ajira ikikoma, mnatoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wa mitaa ile wamezoea wapangaji wa taasisi na balozi, hawashtuki wakiombwa. Akikataa hilo, mimi nisingesaini hata kwa 1,184.

Kuhusu nyumba tupu, jiandae. Huku nyumba ya *kaal* ni tupu kweli: sakafu inaweza kuwa saruji au mbao zenye gundi ya zulia la mpangaji aliyepita, waya zinaning'inia pasipo taa, madirisha hayana hata reli ya pazia. Tangazo likisema *gestoffeerd* utakuta sakafu na mapazia, likisema *gemeubileerd* utakuta na vitanda. Sakafu utakayoweka wewe unaweza kuambiwa uing'oe siku ya kutoka, hivyo omba sasa, kwa maandishi, iruhusiwe kubaki. Uliza pia kanuni za chama cha wenye nyumba cha jengo, VvE. Kwa kawaida zinataka sakafu ngumu iwekewe kizuia kelele, na zinawahusu wapangaji vilevile. Nyinyi mko chini, afadhali. Anayehitaji kuzifuata zaidi ni jirani wa juu yenu.

Usajili wako kama mtumishi wa taasisi ya kimataifa hupitia Wizara ya Mambo ya Nje, si dirisha la kawaida la manispaa. Ofisi ya utumishi itakuongoza. Usiruhusu mtu akutoze kwa hilo.

Na mti. Usiuguse na shoka. Kanuni ya matengenezo madogo inampa mpangaji kazi za kila siku za bustani: kukata nyasi, kung'oa magugu, kupunguza ua na vichipukizi, kubadilisha vigae vilivyovunjika. Kuangusha mti ni jambo la mwenye mali. Unahitaji ridhaa yake ya maandishi, na kwa mti mkubwa kibali cha manispaa juu yake, ambacho Den Haag hawakigawi ovyo. Kupogoa matawi yanayoziba dirisha inawezekana akikubali, lakini fanyeni kabla ya katikati ya Machi au baada ya katikati ya Julai, maana kiota chenye ndege kinalindwa na sheria. Ukipewa ruhusa, iandikwe ndani nani analipa fundi. Majani ya Novemba kwenye karo la bustani, hayo ni yenu.