Maswali ya wasomaji: Kwaya kwa basi, Mwanza hadi Kigali

Nimejitolea kuratibu safari ya kwaya yetu, waimbaji 28, kwenda Kigali kwa basi la kukodi. Wenyeji wamependekeza wiki inayofuata Pasaka. Nianzie wapi? — Mwanakwaya, Mwanza

Ndugu yetu, anza na kalenda kabla ya kutafuta basi. Tarehe 7 Aprili Rwanda huanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na katika siku hizo saba burudani na muziki wa hadharani husitishwa. Pasaka ikiangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, wiki mnayoifikiria inaweza kuingia humo humo. Msiwabebeshe wenyeji mzigo wa kuwakatalia. Pendekezeni ninyi tarehe nyingine, kwa heshima ya msiba wao.

Epukeni pia kuwa barabarani asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni siku ya umuganda, kazi za pamoja za jamii, na kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi magari mengi husimama.

Kisha waulizeni wenyeji swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: je, kanisa lina kibali cha kuendesha ibada sasa hivi? Mwaka 2018, na tena 2024, serikali ya Rwanda ilifunga nyumba nyingi za ibada kwa kutotimiza masharti ya majengo na usalama, na makelele ni jambo linalofuatiliwa kwa karibu. Mkipanga kuimba uwanjani au sokoni, wenyeji ndio waombe ruhusa kwa mamlaka za eneo lao. Wasipokuwa na karatasi mkononi, imbeni ndani ya kanisa.

Tunabeba vinanda viwili, mixa, spika nne na gitaa. Forodha Rusumo watatutoza ushuru? — Fundi mitambo wa kwaya, Geita

Vyombo vinavyoingia kwa kazi ya muda na kurudi navyo havichukuliwi kama bidhaa, ila ni juu yenu kuonyesha kwamba vitarudi. Andaa orodha yenye jina la chombo, chapa, modeli, serial namba, idadi na thamani. Toa nakala nne na uombe igongwe muhuri wakati wa kutoka Tanzania. Bila muhuri huo, tatizo hujitokeza mkirudi: afisa anaona kinanda kizuri kikiingia nchini na hana njia ya kujua kwamba kilitoka hapa.

Serial namba isomwe kwenye chombo chenyewe, isinakiliwe kwenye boksi. Maboksi hubadilishana stoo, namba zikakataa kulingana, na basi zima linasubiri.

Albamu, fulana na vitenge vya kuuza havimo katika orodha hiyo. Hizo ni bidhaa. Ziwe kwenye mzigo wake na zitangazwe kwa forodha peke yake.

Rusumo ni kituo cha pamoja: mkienda, maafisa wa Tanzania na wa Rwanda mnawakuta upande wa Rwanda, baada ya kuvuka daraja la Kagera. Kila abiria ashuke na pasi yake, au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji, mkononi, si ndani ya begi lililo kwenye buti. Mtoto awe na hati yake, nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi.

Angalizo kuhusu "kadi ya njano", maana ziko mbili. Ya chanjo ya homa ya manjano ni ya mtu. Huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na haiishi muda. Ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ni bima ya gari. Dereva akijibu kwamba kadi ya njano anayo, iombe uione.

Dereva wetu hajawahi kuendesha Rwanda. Kuna la kumtahadharisha? — Katibu wa kwaya, Sengerema

Kule wanaendesha kulia, na hatari wasiyoiwaza wengi iko mlangoni. Mlango wa basi letu uko kushoto. Basi likiegeshwa kando ya barabara, abiria wanashukia katikati ya magari. Simameni ndani ya stendi au kituo cha mafuta tu, na mtu mzima atangulie kushuka.

Rwanda pia iko nyuma yetu kwa saa moja. Ibada ya saa 3 asubuhi ya Kigali ni saa 4 kwa saa ya Mwanza. Katika ratiba andika saa zote mbili, hasa siku ya kurudi.

Plagi zetu zitaingia kwenye soketi za Kigali? — Mpiga kinanda, Mwanza

Haziingii. Umeme wenyewe hausumbui, ni volti 230, lakini soketi zao ni za pini za duara. Usinunue adapta kwa kila chombo. Beba ekstensheni yako ya nyumbani na adapta moja nzuri yenye ethi, vyote vipitie hapo. Adapta isiyo na ethi huleta muungurumo kwenye spika, na mpiga gitaa anaweza kupigwa shoti midomo ikigusa maiki. Soma ampea zilizoandikwa juu yake: 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Mixa, vinanda na spika za kawaida hutosha humo. Birika la chai la umeme lisichomekwe hapo.

Dawa ya kichefuchefu cha safari inaharibu sauti? — Sauti ya kwanza, Ngara

Nyingi hukausha koo na kuleta usingizi. Mweleze mfamasia kwamba unaimba, uinywe siku ya safari, isiwe saa chache kabla ya ibada. Kwenye kona na milima ya kuelekea Kigali kaa viti vya mbele, tazama mbali, weka simu chini, na kunywa maji kidogo kidogo. Mazoezi ya kuimba ndani ya basi yaacheni: kushindana na mngurumo wa injini huchosha koo kuliko tamasha lenyewe.