Alichoacha Mjomba Wako London

Kijana wangu, juzi kwenye simu uliniuliza swali ambalo najua linazungumzwa pale Ngamiani tangu arobaini ya mjomba wako: mtu kakaa Uingereza miaka 24, fundi seremala, kazi hazimkauki, mbona hakuacha hata nyumba Tanga? Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa kazini. Leo nakujibu sawasawa, maana niliishi naye.

Tuanze na hela yenyewe. Seremala wa kujitegemea kwenye ujenzi huku, mkandarasi anamkata asilimia 20 ya ujira kwa ajili ya serikali kabla hajaushika. Kisha kodi ya nyumba, na ya London haina huruma. Gari lake la kazi lilikuwa la dizeli, la zamani. Tangu Agosti 2023, gari la namna ile likitembea popote ndani ya London hutozwa pauni 12.50 kwa siku. Akakopa, akanunua jingine. Halijamaliza miezi minne, wezi wakalivunja usiku, wakazoa msumeno wa umeme, drili, patasi, mpaka boksi la misumari. Iliyosalimika ni ile randa ya mbao ya marehemu babu yako, kwa sababu hiyo alikuwa haiachi garini hata siku moja. Nilimkuta alfajiri kaketi kizingitini, penseli sikioni kama kawaida yake, randa mapajani, kimya. Saa mbili kaazima vifaa, kaenda kazini.

Lakini si yote iliyokwenda huko. Mimi nilifika Januari na koti jepesi. Alinilaza sebuleni kwake miezi saba, na yeye ana mke na watoto watatu kwenye vyumba viwili. Sikusikia mlango ukibamizwa kwa ajili yangu. Jumapili ilikuwa ya watoto: simu ya kazi hapokei, ugali anasonga mwenyewe, na yule mdogo anamshikisha kipande cha mbao na msasa, wanasugua wote wawili mpaka jioni.

Baada ya mazishi mkewe alinipa daftari lake nimsaidie mahesabu. Limeandikwa kwa ile penseli nene ya useremala. "Ada ya chuo": hiyo ni yako, mihula sita. "Dawa za mama." "Bati, kwa dada." "Bati" tena, upepo uliezua. Nyuma kuna majina ya aliokuwa anawadai. Nimekuta na langu, pauni 300, pembeni kaandika "basi." Wengi wameandikiwa hivyo hivyo.

Kosa lake, na nilimwambia akiwa hai, ni kwamba hakuwahi kuwaeleza hali halisi. Mkipiga simu kuomba, anasema niko salama, nitatuma. Akikata, anatafuta kazi ya usiku. Kiwanja chake mwenyewe kila mwaka alisema mwakani. Tena mimi niliyekuwa namsema, hizo 300 sikuzirudisha. Nimempa mkewe wiki iliyopita.

Watoto wako shuleni, hawajambo. Randa, mkewe anasema ni yako. Itakuja Desemba na jamaa wa Pongwe anayerudi likizo. Ukiipokea ipake mafuta, mbao yake imekauka sana kwa baridi ya huku.