Nanasi la kuchoma na jibini laini: kwa nini jibini inakuwa chungu?

SWALI: Shikamoo mpishi. Nilitaka kuwaandalia wageni kionjo kabla ya chakula: vipande vya nanasi vya kuchoma kwenye jiko la mkaa, juu yake jibini laini niliyoikatisha mwenyewe kwa maziwa na ndimu. Nanasi liling'ang'ania wavu. Halafu sahani ilipokaa kama nusu saa, jibini ikalegea, ikatoa maji na kuwa chungu. Maziwa yangu yalikuwa mabovu?

JIBU: Marahaba. Onja jibini iliyobaki kwenye bakuli, ile ambayo haikugusa tunda. Kama ni tamu, maziwa hayana kosa. Ndimu ikizidi, jibini huwa kali. Uchungu ni jambo lingine, na hapo mtuhumiwa ni nanasi.

Nanasi ambalo halijapikwa lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho huvunjavunja protini. Jibini ni protini pamoja na mafuta na maji, kwa hiyo ikikutana nacho hulegea, hutoa maji, na mabaki ya protini iliyovunjwa ndiyo yenye uchungu. Moto hukiua, lakini lazima ufike ndani. Nahisi ulikata vipande vinene, vikapata rangi nje huku katikati vikiwa bado vibichi.

Kata vipande vya sentimita 1, si zaidi, na utoe ule moyo mgumu wa katikati. Vikaushe kwa kitambaa safi, kisha upake mafuta kidogo kwenye tunda lenyewe, si kwenye wavu. Subiri mkaa ushike jivu jeupe, na wavu ukae juu ya moto dakika 5 kabla ya kuweka chochote. Wavu wa baridi na tunda lenye maji ndivyo vinavyosababisha kunata. Choma dakika 3 hadi 4 kila upande bila kuvisogezasogeza. Kipande kikishapata michirizi ya kahawia huachia chenyewe. Ukibandua kikakataa, kiache dakika moja zaidi. Sukari usinyunyize, nanasi linayo ya kutosha, na ya kuongeza huungua kabla tunda halijaiva. Kabla ya kupakua, bonyeza katikati: kipande kiwe laini na moto kotekote.

Kwa vipande 8, lita 1 ya maziwa yasiyoondolewa mafuta inatosha. Yachemshe, epua, ngoja dakika moja, kisha tia maji ya ndimu vijiko 2 vya chakula polepole huku ukikoroga taratibu. Maji yakishaonekana ya kijani-njano na mabonge yakajitenga, acha kutia ndimu. Yakibaki meupe, ongeza nusu kijiko. Funika dakika 10, chuja kwa kitambaa chepesi, tia chumvi robo kijiko cha chai, ning'iniza dakika 20. Usikamue kwa nguvu, utapata kitu kigumu cha kukaangwa na si cha kupaka. Utapata kama gramu 150 hadi 200. Maziwa ya pakiti ya muda mrefu hukatika pia, ila mabonge yake ni madogo na hupotea kwenye kitambaa chenye matundu makubwa.

Acha nanasi lipoe dakika 5, kwa sababu joto kali hukamua maji kwenye jibini. Weka kijiko kimoja cha jibini juu ya kila kipande, pilipili manga, majani mawili ya nanaa, tone la asali. Panga wageni wakishakaa, si saa moja kabla, hata kama umechoma vizuri. Jibini inayobaki iwe kwenye friji, na iishe ndani ya siku 3.

Ukitaka kulikwepa tatizo kabisa, tumia embe lililoiva lakini bado gumu kiasi. Muda wa kuchoma ni dakika 2 kila upande. Papai silishauri, hasa ambalo halijaiva sawasawa: lina papaini, inayofanya kazi ileile na kuvumilia moto kuliko bromelaini.