Tumbo limejaa, mbona sijashiba?

Bulimia ni ugonjwa wa kula chakula kingi mno kwa muda mfupi, mtu akihisi hawezi kujizuia, kisha kujitapisha, kujinyima au kutumia dawa za kuharisha ili kisikae mwilini. Nilipoandika juu yake nilitarajia maswali ya uzito. Mengi yaliyokuja yanauliza habari za tumbo. Nayajibu bila majina.

"Mchana nikila sahani ndogo ya wali, tumbo linajaa hadi linauma. Usiku nasimama jikoni namaliza kiporo chote sufuriani na bado sijashiba. Mimi ni mlafi?" (Msichana, miaka 22, Morogoro)

Hapana, mdogo wangu. Na umeuliza vizuri, kwa sababu umetenganisha kujaa na kushiba. Kujaa ni habari ya mfuko wa tumbo. Kushiba ni habari inayopokelewa na ubongo. Kwa mwenye bulimia, habari hizi mbili hupishana njiani.

Mfuko wa tumbo si gunia. Chakula kikiingia, sehemu yake ya juu hulegea ili kipate nafasi. Sehemu ya chini hukisaga na kukipitisha kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba. Kikifika huko, ukuta wa utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, nayo kupitia neva huuambia ubongo kuwa inatosha. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani, Thomas Geracioti na Rodger Liddle, walieleza kwamba wanawake wenye bulimia walipokula mlo wa majaribio, homoni hiyo ilipanda kidogo kuliko kwa wenzao wenye afya, nao walihisi shibe ndogo kuliko wenzao. Halafu Allan Geliebter na wenzake wa New York wakapima mfuko wenyewe kwa kuingiza puto laini na kulijaza maji taratibu. Mfuko wa wenye bulimia ulipokea maji mengi zaidi kabla ya kulalamika.

Ongeza jambo moja: kwa wengi wao tumbo hukawia kupitisha chakula. Chakula kikikwama juu, homoni ya chini nayo huchelewa, na kwa kuwa mfuko umetanuka, panahitajika chakula kingi zaidi ndipo ujisikie kuwa umejaa. Mchana unakula kwa hofu, tumbo limezoea kunyimwa, chakula kinalala palepale na unaumwa. Usiku njaa ya siku nzima imekusanyika, na sauti ya kusema "basi" ni dhaifu. Ndiyo maana jina la ulafi linaniuma kila ninapolisikia. Msichana anahukumiwa kwa tabia, na kumbe kiungo chake kimepoteza mpangilio.

"Tumbo likishatanuka, linaweza kurudi?" (Kijana wa kiume, Arusha)

Linaweza, ila halirudi kwa kujinyima. (Nimefurahi kuona mwanaume ameuliza. Mnaugua pia, mnanyamaza zaidi.) Kinacholirudisha ni kula kwa saa. Katika tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa na Christopher Fairburn kule Oxford, hatua ya mapema kabisa ni hiyo: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, bila kupisha zaidi ya saa nne hivi. Kwa chakula chetu, saa moja asubuhi uji, saa nne chai na kiazi kitamu, saa saba wali na maharage, saa kumi ndizi na karanga, saa moja usiku ugali na mboga, na maziwa kabla ya kulala ukihitaji. Unakula kwa sababu saa imefika. Usingoje njaa wala shibe ikuongoze, maana kwa sasa zote mbili zinakudanganya.

Wiki za mwanzo ni ngumu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Nimewahi kukaa na msichana mmoja na kikombe cha uji mezani. Alipofika nusu alilegeza kifungo cha sketi akasema, "Limeumuka kama unga wa mandazi." Sikumbishia, kwa kuwa lilikuwa limejaa gesi kweli. Tulikaa, akasuka ukili, tukaongea habari za dada yake aliyejifungua. Saa nzima ilipita kabla hajaweza kufunga tena kile kifungo, lakini alikifunga, na uji ulibaki tumboni. Kuvimba kule si mafuta. Ni misuli iliyopumzishwa vibaya inayojifunza kazi upya.

Dawa ipo pia. Fluoksetini hupunguza vipindi vya kula kupita kiasi na kutapika, na kipimo kilichoonyesha faida ni miligramu 60 kwa siku, kikubwa kuliko kile cha kuanzia cha sonona. Huandikwa na daktari. Usiinunue mwenyewe dukani.

"Natibiwa vidonda vya tumbo mwaka wa tatu. Sijamwambia daktari kuwa najitapisha." (Msomaji wa Nakuru)

Mwambie. Ukishindwa kutamka, andika kwenye karatasi umpe. Dawa ya kupunguza asidi inaweza kutuliza kiungulia, lakini haigusi chanzo chake. Zaidi ya hapo, kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huvurugika. Kipimo cha damu kitaonyesha, ilimradi daktari ajue la kutafuta.

Ukitapika damu, ukizimia, moyo ukienda mbio bila mpango, au baada ya kula sana tumbo likawa gumu, linauma vikali na huwezi hata kutapika, nenda hospitali saa hiyohiyo. Tumbo linaweza kupanuka hadi kupasuka. Ni nadra, lakini hutokea.

Na meno: baada ya kutapika sukutua kwa maji, usipige mswaki papo hapo. Asidi imelainisha meno, mswaki utayakwangua.

"Ramadhani nifunge?" (Mombasa)

Njaa ya mchana kutwa, kisha futari nzito na majuto usiku, ni mzunguko uleule unaokuumiza. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zinampa mgonjwa ruhusa, na huu ni ugonjwa. Zungumza na daktari, kisha na sheikh unayemwamini.

"Mashavu ya binti yangu yamevimba, nikadhani matubwitubwi. Sasa nimejua. Nifanyeje baada ya chakula?" (Mama, Zanzibar)

Pole sana, mama. Ni tezi za mate zilizovimba kwa kutapika, na zitapungua akiacha. Usizungumzie kilo wala usimlinde mlangoni mwa choo kama askari. Mpeleke kwa daktari, na nyumbani ule naye. Mkimaliza, usimwache peke yake saa ile ya kwanza, ambayo tumbo lake huwa zito na hofu yake kubwa. Mpe kazi ya mikono mfanye pamoja, kuchambua mchele wa kesho au kumsuka mdogo wake, na mzungumze mambo mengine kabisa.