Iafoni za Bluetooth: jua kwanza we ni mtu wa simu au mtu wa muziki

Mtu akiniuliza anunue iafoni gani za Bluetooth huwa simtajii brandi hata moja, namuuliza kwanza, we unaongea sana na simu au unasikiliza sana? Wengi wanajibu "vyote", sawa, hata mi natumia kwa vyote, muziki nikiwa natembea, podikasti nikiwa nafanya usafi, halafu kazini ni simu na vikao vya mtandaoni mwanzo mwisho. Ila lazima kuna kimoja kinakula saa zako nyingi zaidi na hicho ndo kiachiwe kichague, sababu kile kinachofanya muziki uwe mtamu kwenye iafoni ndo hichohicho kinachofanya simu ndefu iwe kero, na hili huwezi kulikuta limeandikwa kwenye boksi.

Iko hivi. Kuna iafoni za kuziba, zile zenye vipira vya silikoni vinavyoingia ndani ya tundu la sikio, na kuna zile za plastiki tupu zinazokaa tu mlangoni bila kuziba kitu, kama AirPods za kwanza kabisa zilizotoka 2016. Za kuziba zinashinda kwenye muziki na sababu ni rahisi, besi inahitaji hewa ya ndani ya sikio isivuje, ikivuja kidogo tu besi yote inaondoka na unabaki na sauti nyembamba inayochoma. Ndo maana watu wawili wanaweza kununua iafoni zilezile, mmoja akasema zinapiga balaa, mwingine akasema takataka, na wote wako sahihi, masikio yao tu ndo hayafanani. Jaribu hivi, weka wimbo wenye besi halafu zisukume taratibu kwa kidole kuelekea ndani, kama besi imeongezeka ghafla ujue kipira chako kinavuja.

Sasa njoo kwenye simu. Unapoongea sauti yako haitokei mdomoni tu, nyingine inapita kwenye mifupa ya kichwa mpaka ndani ya sikio, na siku zote inatokea nje kwenye tundu bila we kuisikia. Ukiziba tundu inakosa pa kutokea. Ziba masikio yote mawili kwa vidole sasa hivi halafu hesabu moja mpaka kumi kwa sauti, utajisikia kama unaongea ndani ya pipa. Kwa simu ya dakika mbili hakuna shida, ila kikao cha saa nzima kinachosha vibaya, mi mwenyewe najikuta naanza kushusha sauti bila kujua mpaka mtu wa upande wa pili anasema hanisikii. Na ukitafuna kitu au ukitembea unasikia kila hatua inagonga kichwani.

Kwa hiyo kama we ni mtu wa simu, ushauri wangu uko wazi, chukua zisizoziba, au chukua za kuziba lakini zenye modi ya kupitisha sauti za nje, ile ambayo maiki za nje zinachukua sauti ya mazingira na kukuletea ndani. Hakikisha modi hiyo inafanya kazi hata ukiwa kwenye simu na sio kwenye muziki peke yake, sababu kuna modeli zinaizima modi hiyo pale simu inapoingia. Na kama we ni mtu wa muziki na simu unapokea chache za haraka haraka, ziba tu, ufaidi.

Tuje kwenye vipira, hapa ndo nataka nikae kidogo maana ndo sehemu watu wanairuka kabisa. Ndani ya boksi kuna saizi tatu, wakati mwingine nne, na watu wengi wanatumia ile ya kati iliyokuja imevalishwa, nyingine zinabaki kwenye kimfuko mpaka zinapotea. Toa zote ujaribu zote, na jaribu kila sikio peke yake, masikio mengi hayalingani, mi kushoto natumia ndogo na kulia ya kati na wala sio kitu cha ajabu. Kitu kinachowachanganya watu ni kwamba iafoni inayodondoka sio lazima kipira kiwe kidogo, kikiwa kikubwa sana nacho hakiingii vizuri, kinajisukuma chenyewe nje pole pole hasa ukicheka au ukitafuna, kwa hiyo ukiona inadondoka jaribu kupanda saizi na kushuka pia. Wakati wa kuvaa vuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono mwingine, ingiza, halafu zungusha kidogo mpaka ikae, sio kusukuma tu kama unaziba chupa.

Maumivu nayo yanasema kitu, we sikiliza tu yanatokea wapi. Ukiumia ndani ya tundu, shida ni kipira, badilisha saizi au jaribu vya sponji, vile unavibonyeza vinakuwa vyembamba halafu vikifika ndani vinajaa taratibu, vinashika vizuri sana kwa watu ambao silikoni inawateleza, ubaya wake vinachakaa haraka na vinanyonya jasho. Lakini ukiumia nje, kwenye ile nyama ngumu ya sikio, hapo mwili wenyewe wa iafoni ni mkubwa kuliko sikio lako na hakuna kipira kitakachokuokoa. Rudisha tu. Usijiambie utazoea, sikio halipanuki.

Na faraja haionekani dukani. Dakika mbili za kujaribu hazikwambii chochote, hata iafoni mbaya ni nzuri kwa dakika mbili, kazi inaanza ukishapita saa nzima, hapo ndo utajua kama zinabana. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi hazikubali kurudishiwa kitu kilichoingia sikioni kwa ajili ya usafi, na mi siwalaumu, kwa hiyo uliza kabla hujafungua boksi, sio baada. Uzito usikutishe sana, nyingi zinacheza kwenye gramu 4 mpaka 6 kila upande, tofauti ya gramu moja huisikii, umbo ndo unalisikia.

Kitu kingine cha simu ambacho watu wanalalamika kila siku: umekaa unasikiliza muziki kwenye laptopu safi kabisa, kikao kinaanza tu sauti inaharibika, inakuwa nzito na ya zamani, unadhani iafoni zimekufa. Hazijafa. Bluetooth ya kawaida ikiwa inapiga muziki inatuma upande mmoja tu na njia yote ni ya muziki, ila maiki ikiwashwa inabidi sauti iende na irudi, na mfumo wa zamani wa simu unabana sauti mpaka sampuli 8,000 kwa sekunde, yaani mara ambazo sauti inapimwa kila sekunde, au 16,000 kwa ule ulioboreshwa, wakati muziki kwa kawaida ni 44,100. Dawa yake ni ya bure, ingia kwenye setingi za sauti za kikao, chagua maiki ya laptopu yenyewe halafu iafoni ziache ziwe za kusikilizia tu, sauti inarudi vizuri palepale, na wenzako wanakusikia vizuri pia kama uko sehemu tulivu. Kuna mfumo mpya unaitwa LE Audio uliotangazwa 2020 ambao unatatua hili kwa kiasi kikubwa, ila simu na iafoni vyote viwili lazima viwe vinausapoti, kimoja tu hakisaidii.

Halafu kwenye maboksi kuna vifupisho viwili vinawapiga watu chenga, ANC na ENC. ANC ni ya masikio yako we, inapunguza kelele unazosikia, na inafanya kazi vizuri zaidi kwa kelele za mfululizo kama injini au feni, watu wanaopiga stori pembeni yako bado utawasikia kiasi. ENC ni ya maiki, inamsaidia yule unayeongea naye asisikie kelele za huku kwako. Iafoni nyingi za bei ya chini zimeandikwa ENC kwa herufi kubwa na mtu ananunua akidhani amepata ya kukata kelele, akivaa anashangaa mbona dunia yote bado inasikika. Kwa mtu wa simu ENC nzuri ina faida kuliko ANC kwa kweli. Na wapo ambao ANC inawaletea hisia ya presha masikioni mpaka kichwa kinauma, kama we ni mmoja wao ipunguze kwenye apu ya iafoni au izime, hujalazimishwa.

Maiki yenyewe, zile zenye kimkia kinachoshuka chini zinakuwa na maiki karibu zaidi na mdomo kwa hiyo kwa wastani zinachukua sauti vizuri kuliko za duara zinazojificha sikioni. Lakini usiniamini mimi wala boksi, toka nje sehemu yenye upepo na magari, mpigie mtu unayemuamini akwambie ukweli, kisha ongea naye ukiwa mbele ya feni. Anayejua ubora wa maiki yako ni yeye, we huisikii hata siku moja.

Vitufe vya kugusa ni adui wa faraja na sijui kwa nini hili halisemwi vya kutosha. Unarekebisha iafoni kidogo tu ikae vizuri, simu inakatika. Unalala ubavu, wimbo unaruka. Mi napenda zile za kubana kimkia kwa vidole viwili, ni ngumu kuzibana kwa bahati mbaya, na kama zako ni za kugusa ingia kwenye apu uzime mguso mmoja, acha ule wa kugusa mara mbili au tatu.

Chaji fupi tu: boksi likisema saa 30 hiyo ni pamoja na chaji ya kesi, kile kiboksi cha kuzichajia, iafoni zenyewe nyingi ni saa 5 au 6 kwa muziki na pungufu kwa simu, na ANC inapunguza tena. Mtu wa simu nyingi atumie moja moja, moja sikioni nyingine kwenye kesi, unabadilishana kutwa nzima na masikio yanapumzika pia. Betri zake ni ndogo mno na nyingi hazibadilishiki, baada ya miaka kadhaa zitachoka tu hata uzitunze vipi, kwa hiyo bei nayo iangalie kwa jicho hilo. Maji, alama ya kinga ya maji ya IPX4 inatosha kwa jasho na manyunyu, ila kesi nyingi hazina kinga hiyo, futa iafoni kabla hujazirudisha.

Kuhusu sauti kubwa, Shirika la Afya Duniani wanaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, ukipanda mpaka 90 inashuka kuwa saa 4 tu kwa wiki. Hapa ndo za kuziba zinajitetea, zikikaa vizuri kelele za nje zinapungua kwa hiyo huna haja ya kupandisha. Zisizoziba ukiwa kwenye kelele unapandisha tu bila kujua, na hiyo ni gharama ya kuzingatia kwa watu wangu wa simu mnaopenda pia kusikiliza muziki kwenye usafiri. Simu nyingi siku hizi zina setingi ya kuweka kikomo cha sauti, iweke usahau.

Na kama sikio moja limeanza kupiga chini kuliko lingine usikimbilie kununua mpya, vua kipira uangalie kale kawavu kadogo kwenye mwanga, mara nyingi nta ya sikio imeziba. Geuza iafoni wavu uangalie chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuzama ndani, sugua taratibu kwa brashi laini kavu, vipira vioshe pembeni kwa maji na sabuni na vikauke kabisa ndo uvirudishe. Sindano usiingize, wavu ukitoboka umeisha.