Ekzosti kwanza, hita baadaye: ushauri kwa mwenye MGB

Majani yakianza kudondoka huku Uingereza, jamaa zangu wenye MGB, gari la zamani la michezo la Uingereza, huanza kunitumia ujumbe wa sauti. Malalamiko hayabadiliki: gari linanguruma kuliko lilivyokuwa kiangazi, na hita haitoi hata vuguvugu. Karibu wote wanataka tuanze na hita, maana baridi ndiyo inayouma. Mimi huwajibu tuanze na ekzosti, na si kwa sababu ya kelele.

Ni kwa sababu ya moshi. MGB ya wazi ukishaipandishia turubai na kufunga vioo, hewa inayopita juu ya gari huacha mvuto kule nyuma, na mvuto huo unaurudisha moshi ndani kupitia mpira wa buti uliochakaa, tundu la giya na vitundu vya waya kwenye ukuta wa injini. Moshi huo umebeba kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kikikuuma kila unapoendesha na kuacha ukishuka, usisingizie uchovu. Fungua vioo, egesha, zima injini. King'ora kidogo cha betri cha kugundua gesi hiyo ni pesa ndogo sana. Tena kumbuka kwamba tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 halilazimiki kupita ukaguzi wa MOT wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana. MGB zilitengenezwa kati ya 1962 na 1980, kwa hiyo zote zimeshafika umri huo. Usipolala wewe chini ya gari lako, hakuna mkaguzi atakayelala. Na ukilala, liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu.

Uvujaji utafute injini ikiwa baridi, gari likiwa nje. Mwenzako awashe, wewe vaa glavu nene uzibe mdomo wa ekzosti kwa kitambaa sekunde chache. Mfumo ukiwa mzima, injini itakohoa na kutaka kuzima. Ukiwa na tundu, utasikia ssss mahali fulani. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio uone povu linapotoka. Kuna na ile tik-tik inayosikika asubuhi, halafu inapotea injini ikipata moto. Hiyo mara nyingi ni manifoldi, yaani kipande cha mabomba kilichofungwa kwenye injini kupokea moshi: chuma kimepanuka, kimejiziba chenyewe. Angalia ukingo wa gasketi, utakuta masizi.

Hapo kwenye manifoldi ndipo nimeona watu wakichoma pesa. Injini hii ya B-series, ya ujazo wa sisi (cc) 1798, ina manifoldi ya kabureta na ya ekzosti upande mmoja, juu ya gasketi moja. Baadhi ya stadi (bolti zisizo na kichwa) hushika zote mbili kwa mpigo kwa kutumia washa, yaani ringi ya chuma, pana na nene: nusu ya washa imekalia mguu wa manifoldi ya ekzosti, nusu nyingine imekalia mguu wa ile ya kabureta. Miguu hiyo ikitofautiana unene, washa inalala mshazari. Utakaza nati mpaka kiganja kiume na bado upande mmoja utapumua. Hutokea zaidi kwa mtu aliyenunua manifoldi ya mabomba ya kisasa akaifunga kando ya ile ya asili ya kabureta. Hata ukibadilisha gasketi mara ngapi, itavuja. Pima unene wa miguu yote miwili kwa vernia, kile kipimio cha mataya, kisha mpelekee fundi wa mashine washa azikwangue upande wa mguu mnene. Ni kazi ya muda mfupi, ila lazima kwanza ujue ndiyo inayohitajika.

Chini ya manifoldi, bomba linashikwa kwa nati ndefu za shaba njano. Usiziweke za chuma kwa kuwa ndizo ulizonazo mezani. Shaba imechaguliwa kwa sababu haigandi na stadi ya chuma hata baada ya miaka ya moto. Zile za zamani zimwagie mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, usilazimishe. Stadi ikikatika humo, siku yako imekwisha. Wakati wa kufunga, unganisha mfumo mzima ukiwa bado umelegea, toka mbele hadi nyuma, uuache ukae unavyotaka, ndipo ukaze kuanzia mbele. Bomba lililofungwa kwa kuvutwa litagonga sakafu ama kupasuka pale kwenye kishikizo cha giaboksi.

Kuhusu chuma cha pua: kinadumu, ingawa sauti yake kwangu ni kali kidogo. Petroli ikiungua hutoa maji, na gari la safari za dukani tu halipati moto wa kuyakausha, kwa hiyo bomba la kawaida linaoza toka ndani. Kama hizo ndizo safari zako, lipia cha pua.

Sasa hita. Miaka ya mwanzo MGB iliuzwa hita ikiwa ni nyongeza ya kulipia, na ukiiona ilivyopachikwa utaamini. Pasha injini moto, fungua hita mpaka mwisho, kisha gusa kwa uangalifu mipira miwili ya maji inayoingia kwenye sanduku lake. Yote ikiwa ya moto, maji yanapita na tatizo lako ni hewa inayopulizwa, haipiti penye moto. Mmoja moto na mwingine baridi, rejeta ndogo ya hita imeziba. Yote baridi, nenda kwenye vali iliyoko nyuma ya silinda hedi, upande wa plagi. Mara nyingi kebo haivuti mkono wa vali mpaka mwisho, ama tundu la nyuma ya vali limejaa matope ya kutu. Safisha kwa mpira wa bustani, maji ya taratibu, ukisukuma kinyume cha njia yake ya kawaida.

Kabla ya hayo yote, hakikisha thermostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Wengi wetu tumekulia kwa mafundi ambao injini ikichemka tu, wanaing'oa na kuitupa. Kwa jua la Mombasa utaenda hivyo miaka. Kwa Januari ya Birmingham sindano ya joto haipandi, na hita haina joto la kukupa. Ya kawaida ni nyuzi 82. Mimi majira ya baridi hutumia 88.

Zulia likilowa, usikimbilie kulaumu hita. Chini ya matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo kuna mrija wa mpira wa kutolea maji ya mvua, nao hujaa majani yaliyooza. Paka maji hayo kidoleni: ya mvua ni maji tu, kulanti (maji ya dawa ya kupoza injini) inateleza na inanukia utamu. Mrija unazibuliwa kwa waya laini.

Kulitoa sanduku la hita kuwe mwisho kabisa. Nafasi ni finyu, skrubu zimejificha, na rejeta ndogo huwa imebakiza maji yatakayomwagika penye zulia, kwa hiyo tandika matambara. Ukilifungua, tazama sponji zinazoizunguka rejeta. Zikishakuwa unga, hewa inapita pembeni badala ya kupita katikati ya moto, na hapo ndipo utajua kwa nini mipira ilikuwa ya moto na miguu yako baridi. Badilisha sponji zote, safisha viungio vya waya wa feni, na kama mota inalia hata kidogo weka nyingine sasa hivi, maana hakuna anayetaka kulitoa sanduku hilo mara ya pili.